Kustaafia nje ya nchi: nenda kapange chumba kwanza, mengine baadae

Wadau wa Kigoma na Tabora habari zenu. Maswali ya kustaafu yamekuwa mengi na safari hii karibu yote yanagusa kitu kimoja, mtu anataka akimaliza utumishi ahamie nchi nyingine na anauliza aende kuikagua vipi kabla hajafanya uamuzi. Nimechagua machache, nimeyafupisha, majina nimeyaacha.

Mimi ni mwalimu niko Kasulu, nakaribia kustaafu. Mke wangu kwao ni Mbala, Zambia, tunafikiria kuhamia kule, ama Mbala ama Mpulungu pale ziwani. Nimepanga likizo ya Desemba twende wiki mbili kwa wakwe nione hali. Inatosha?

Shikamoo mwalimu. Haitoshi, na tatizo sio wiki mbili tu, tatizo ni kukaa kwa wakwe. Ukweni utapikiwa, utapewa kitanda kizuri, shemeji atakuzungusha kila mahali, hutanunua umeme, hutatafuta fundi, hutapanga foleni popote, alafu utarudi Kasulu unasema Zambia raha tupu kumbe ulichokiona ni ukarimu wa wakwe, Zambia yenyewe bado. Wasalimie, kaa siku mbili tatu kwa heshima yao, kisha mkapange chumba chenu mwezi mzima au miwili, mwende sokoni wenyewe, mnunue mkaa wenyewe, mjue nauli za pale na majirani wa pale.

Na Mbala na Mpulungu usizihesabu kitu kimoja, hata kama zimeachana kilomita 40 hivi. Mpulungu iko usawa wa ziwa, joto lake unalijua maana ni Tanganyika yetu hiihii. Mbala iko juu, mwezi wa sita na wa saba baridi inauma kweli, na mtu wa miaka 60 mwenye magoti yanayosumbua hilo ni jambo la kulipima kwa mwili wake sio kwa kusimuliwa. Kwahiyo mimi ningekwambia nenda mara mbili, moja mwezi wa saba, nyingine Januari au Februari mvua zikiwa zimekolea uone barabara na uone paa la nyumba unayotaka kupanga linavuja au la. Desemba kila mtu ana furaha, ndugu wote wako nyumbani, ni mwezi mbaya wa kukagulia nchi.

Kitu kingine ni umeme. Zambia inategemea sana umeme wa maji, Kariba na mabwawa mengine, na ukame wa 2024 uliwaletea mgao mkali mno, watu walikaa gizani sehemu kubwa ya siku. Sasa kama wewe au mama mnatumia insulini ya kuweka kwenye friji, hilo ndio swali la kwanza kabla ya kuuliza bei ya kiwanja. Nenda hospitali ya pale ukiwa mzima, uliza mgeni analipa shilingi ngapi kumuona daktari (kwa kwacha, hela ya kule, sio kwa makadirio ya shemeji), dawa zako za presha zipo duka gani, na mtu akihitaji upasuaji anapelekwa wapi na kwa gari gani. Kadi yako ya NHIF haivuki mpaka, hilo lijue mapema.

Njia pia ipite mwenyewe. Usihesabie meli, Liemba sio ile ya kila wiki tuliyoizoea. Panda basi hadi Mpanda, Sumbawanga, vuka Kasesya uingie Mbala, uone inachukua siku ngapi na mgongo unasemaje, maana ndio njia hiyohiyo utakayoipita ukiitwa msibani Kasulu.

Nina ndugu Bujumbura, ameniambia kuna kiwanja kizuri na nimtumie hela anunue kwa jina lake afu tutabadilisha baadae. Si tupo wote Afrika Mashariki? Niko Gungu.

Ndugu yangu wa Gungu usitume. Nasema hivi kwa kukuonea uchungu kwa sababu hela ya kiinua mgongo ikipotea hakuna kiinua mgongo cha pili.

Watu wengi wanadhani Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza Julai 2010 limefungua kila kitu. Limefungua mengi, kazi, biashara, ukaazi wa mtu aliyeenda kufanya kazi au kujiajiri, lakini kwenye ardhi mkataba wenyewe unasema kila nchi itafuata sheria zake. Angalia Kenya, katiba yao ya 2010 inasema asiye raia anashika ardhi kwa kukodishiwa tu, mwisho miaka 99, haijalishi ni Mtanzania au ni Mjerumani. Na sisi wenyewe hapa sheria yetu ya ardhi ya 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, sasa kwa nini tutegemee jirani awe mlegevu kuliko sisi?

Kiwanja kikiwa kwa jina la ndugu, kisheria ni cha ndugu. Akifariki ni cha watoto wake, akigombana na mkewe kinaingia kwenye ugomvi, na wewe uliye mgeni utasimama mahakamani na meseji za simu. Ubalozi mdogo wa Burundi upo hapahapa Kigoma, anzia pale, uliza mgeni anaruhusiwa nini kwa maandishi. Alafu nenda Bujumbura kapange. Mtaa wa Buyenzi Kiswahili kinatembea kama uko Ujiji, na kama unajua Kiha basi Kirundi utakielewa haraka sana, ila makaratasi ya serikali na ya hospitali mengi utayakuta Kifaransa, na mgonjwa hasomi cheti kwa kukisia, kwahiyo jua mapema nani atakusomea.

Alafu ukiwa unatafuta nyumba, uliza maji ya ziwa yalifika wapi. Unakumbuka ziwa lilivyopanda na kula miembe na nyumba za ufukweni huku kwetu, na kule Burundi upande wa Gatumba karibu na mto Rusizi watu walihama makwao kwa mafuriko. Nyumba ya bei rahisi karibu na maji ina sababu ya kuwa rahisi.

Kwenda tu kuangalia, Burundi au Rwanda, nahitaji viza?

Huhitaji viza, hata Zambia huhitaji. Beba pasi ya kusafiria (mpya ni 150,000 na inadumu miaka 10) na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hasa ukienda Burundi au Congo. Ila siku unazogongewa mpakani ni za mgeni, hazikufanyi mkaazi hata ukiingia na kutoka kila mara. Ukitaka kuishi omba kibali cha ukaazi, na uliza wazi kama wana kibali cha mstaafu au cha mfanyakazi na mfanyabiashara tu. Kenya kwa mfano wana kibali cha mtu asiyefanya kazi, awe na miaka 35 kwenda juu na kipato cha uhakika.

Pensheni yangu ya PSSSF inaingia benki kila mwezi. Nikihamia Burundi nitaipataje?

Hapa ndio watu wengi hawapigi hesabu. Pensheni itaendelea kuingia kwenye akaunti yako ya Tanzania kwa shilingi, kazi ni kuivusha. Burundi kumekuwa na pengo kubwa kati ya bei ya faranga benki na bei ya mtaani, na hela ukiituma kihalali inahesabiwa kwa bei ya benki wakati sokoni bidhaa zimepandishwa kwa kufuata bei ya mtaani. Yaani unapokea kwa bei moja unanunua kwa bei nyingine. Kwahiyo ukiwa kule kwenye ukaguzi ishi mwezi mzima kwa kiasi cha pensheni tu, uliyoipitisha benki, usiguse akiba, uone kama mwezi unafika mwisho.

Na kabla hujaondoka waulize PSSSF uhakiki (kuthibitisha kuwa bado uko hai) utaufanya vipi ukiwa nje, maana usipohakikiwa malipo yanasimama. Mkupuo, yaani kile kiinua mgongo, uache hapa.

Binti yangu yuko Winnipeg, Kanada, anataka nistaafie kwake. Mimi ni mama wa Isevya Tabora, sijawahi toka nje.

Shikamoo mama. Kuna viza yao ya wazazi na mababu inaitwa super viza, inaweza kudumu hadi miaka 10 na kila ukiingia unaweza kukaa hadi miaka 5. Binti yako lazima aonyeshe kipato cha kutosha na barua ya mwaliko, wewe upimwe afya na uwe na bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Kanada, na bima hiyo inalipiwa na kwa umri wetu sio rahisi. Lakini ujue, bado unahesabika mgeni. Hutafanya kazi na hutatibiwa kwa bima ya umma kama wao.

Mwambie binti akukatie tiketi ya kwenda na kurudi, na uende Januari. Ni baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri na zaidi, binti yuko kazini tangu asubuhi, wewe ndani, jirani hagongi mlango kuuliza umeamkaje. Wako mama wanaoweza, wana wajukuu wa kulea na wamefurahi, nawaheshimu sana. Wako waliorudi wamenyong'onyea. Hutojua uko kundi gani ukienda Julai jua linawaka watu wako nje.

Nikifia huko je?

Uliza kabla, ubalozini na kwa viongozi wa msikiti au kanisa la Watanzania wa pale: mwili unasafirishwa kwa shilingi ngapi, karatasi zipi zinatakiwa mpakani. Kisha andika wosia, useme uzikwe wapi, watoto wote wapate nakala. Familia nyingi zimechangishana kwa madeni kwa sababu marehemu hakusema kitu.

Nyumba yangu ya Mwanga niiuze ili nipate mtaji wa kuhamia?

Hapana. Pangisha mwaka mzima kwa mkataba wa maandishi, acha chumba kimoja cha uani kimefungwa na vitu vyako, na kodi yake ndio ilipie pango lako la huko. Mwaka ukiisha na bado unapataka, tutazungumza habari ya kuuza.