Alikuwa na A la saba, fomu wani anapata 9: niuze shamba nimhamishe?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Binti yangu kamaliza la saba hapa kijijini kwetu Kilosa, akapata A ya hisabati na A ya sayansi, tukapika pilau majirani wakaja. Sasa yuko fomu wani shule ya kata, mtihani wa kwanza karudi na baiolojia 14, jiografia 11, fizikia 9, ila Kiswahili 78 na Historia ya Tanzania na Maadili 71. Nikimuuliza analia tu, anasema mama mimi mjinga. Kaka yangu anasema niuze kipande cha shamba nimpeleke ingilishi midiamu. Nifanyeje?
Mama Binti, Kilosa

JIBU: Marahaba dada yangu. Kwanza kaa na huyo mtoto leo leo umwonyeshe hizo maksi zake mwenyewe. Masomo mawili aliyofaulu ndio hayo hayo yanayofundishwa kwa Kiswahili, yale aliyoanguka yote ni ya Kiingereza. Mtoto aliyepata A ya sayansi mwezi wa tisa hawezi kuwa ameisahau sayansi yote ndani ya miezi michache jamani, kilichobadilika ni lugha. Miaka saba kasomeshwa kwa Kiswahili, Januari kaingia darasani kila kitu Kiingereza. Usanisinuru anaujua vizuri tu, jani linahitaji jua na maji na hewa ya kabonidayoksaidi, ila likija neno fotosinthesisi anaona ni kitu hajawahi kusikia maishani.

Nimefundisha baiolojia sekondari miaka mingi na hili limeniuma kila Januari. Unauliza swali kwa Kiingereza darasa kimya kabisa, unalirudia lile lile kwa Kiswahili mikono inajaa hewani, halafu siku ya mtihani hao hao wanaandika sentensi walizokariri bila kujua zinasema nini.

Na serikali inalijua siku nyingi. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967, Tume ya Makweta, ile tume ya rais ya elimu, mwaka 1982 ikapendekeza kiendelee mpaka sekondari, haikutekelezwa. Sera ya elimu ya 2014 ikafungua tena huo mlango, na mwanao bado anasoma fizikia kwa Kiingereza. Mimi naona ni makosa makubwa tunayowabebesha watoto, lakini binti yako hawezi kusubiri sera.

Shamba usiuze. Ada za huko ni za kila mwaka na shamba linauzwa mara moja, akifika fomu tuu utauza nini? Halafu huko atakaa na watoto waliosoma Kiingereza tangu chekechea, atajiona mjinga zaidi.

Mnunulie kauntabuku moja na kamusi, hata ya mtumba. Kila jioni achukue maneno kumi ya somo la siku hiyo, aandike Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, halafu akueleze wewe kwa Kiswahili alichosoma, hata kama hukusoma we msikilize tu, akishindwa kukueleza ujue hajaelewa, kakariri. Aanze na yale maneno ya kuulizia maswali, taja, eleza, tofautisha, toa sababu, maana wengi wanaanguka hapo hapo, jibu wanalo ila hawajajua wameulizwa nini. Vitabu vyake vya sayansi vya la sita na la saba kama hujavigawa usivigawe, mada nyingi za fomu wani zimo humo humo kwa Kiswahili, asome kwanza huko ndio aende kwenye cha Kiingereza.

Na wewe nenda shuleni, muone mwalimu wa darasa kwa upole, mwombe mtoto aruhusiwe kuuliza kwa Kiswahili asipoelewa na asichekwe. Kuna walimu watakatalia, wapo pia wanaokubali, mtafute huyo anayekubali hata kama ni wa somo moja.

Mtihani wa taifa wa fomu tuu bado uko mbali kidogo, muda anao. Akirudi likizo ya mwezi wa sita niandikie maksi za baiolojia.