Jibu: Mwongozo wa mazingira kwa wakaaji wa kilima

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kuandika mwongozo wa kutunza mazingira kwa wakaaji wa kilima chenu kule Kadutu, mjini Bukavu (Kongo). Usianze na miti. Anza na maji ya mvua, maana hapa mjini ugomvi mwingi wa majirani unatoka juu: maji ya bati la huyu yanaangukia ukuta wa yule wa chini, udongo unakatika, korongo linazaliwa. Chora nyumba mbili, moja juu ya nyingine. Onyesha mfereji wa bati, pipa, na mtaro uliojengwa kwa mawe mpaka kwenye mtaro mkubwa. Mchoro huo peke yake unastahili nusu ya karatasi.

Halafu takataka. Usihubiri "ekolojia". Eleza kwamba chupa ya plastiki inayotupwa mtaroni inateremka ziwa Kivu, inaingia mto Ruzizi, inaziba mitambo ya barrage (bwawa la umeme), na umeme unakatika. Hapo hata mama wa sokoni atakusikiliza.

Kwenye mteremko mkali panda nyasi ya vetiva. Mizizi yake inashuka mita 2 au 3 na kushika udongo. Mikaratusi inakua haraka, ndiyo, lakini inakunywa maji mengi na chini yake mimea mingine inaota kwa shida. Makala (makaa ya kupikia)? Mstari mmoja unatosha: babula, yaani jiko, inayotumia makala kidogo.

Andika Kiswahili chetu, na Mashi, lugha ya Washi, kwa wazee. Kabla ya kuchapisha, msomee shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) siku ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, watu wakiwa bado na majembe mkononi.