Gelbrot na rotgelb si rangi moja

SWALI: Natafsiri katalogi ya vitambaa kutoka Kijerumani. Ukurasa mmoja una gelbrot na rotgelb. Programu ya simu imenipa "rangi ya chungwa" kote kuwili. Niache hivyo? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Usiache. Katalogi ina maneno mawili kwa sababu kuna vitambaa viwili.

Kosa hili nakutana nalo mara kwa mara, na chanzo chake ni kukisoma Kijerumani kwa mpangilio wa Kiswahili. Kwetu neno kuu hutangulia, sifa hufuata. Kwa Mjerumani ni kinyume: katika neno ambatani, kipande cha mwisho ndicho chenye mamlaka. Gelb ni manjano, rot ni nyekundu. Basi gelbrot ni nyekundu iliyoingiwa na umanjano, na rotgelb ni manjano iliyoingiwa na wekundu. Tazama mawese kwenye chupa, kisha pasua yai la kuku wa kienyeji uangalie kiini chake. Mawese ndiyo gelbrot, kiini ndicho rotgelb. Goethe, mwandishi mashuhuri wa Kijerumani, katika kitabu chake cha rangi cha mwaka 1810, alizieleza mbalimbali: manjano ikikolea hupitia rotgelb kwanza, ndipo ifike gelbrot.

Andika "nyekundu yenye umanjano" na "manjano yenye wekundu", na uombe vipande vya vitambaa uvione kwa macho. "Chungwa" ibakize kwa neno orange, ambalo Wajerumani walilichukua kwa Wafaransa.

Kuna na kistari. Gelb-rot mara nyingi ni rangi mbili zilizokaa kando kwa kando, hazikuchanganywa. Kwenye soka, Gelb-Rot ni kadi ya pili ya njano inayozaa nyekundu. Ila kistari peke yake usikitegemee, maana wapo wasiokiandika. Kitazame kitu chenyewe.

Hapo ndipo wanaotangaza "tafsiri kwa dakika tano" wanaponiudhi. Wanabandika maneno kwenye programu, wananakili, wanadai malipo. Kwenye kitambaa hasara ni mzigo kurudishwa. Lakini niliwahi kuletewa mwongozo wa mashine ambamo grün-gelb ilitafsiriwa "kijani chepesi". Grün-gelb ni waya wa ethi, yaani unaopeleka ardhini umeme uliovuja, wenye kijani na manjano kwa mistari. Fundi anayetafuta waya wa kijani kitupu hataupata, na mashine ikiwashwa bila ethi, atakayegusa bodi yake ni mtu.