Aliigiza utotoni, akasomea hesabu

SWALI: Binti yangu ana miaka 13 na anapenda kuigiza. Nasikia Danica McKellar wa Marekani aliigiza akiwa na umri huo, kisha akabobea katika hesabu. Shule aliipataje? Na fedha za mtoto kule hulindwaje?
Mama msomaji, Morogoro

JIBU: Ni kweli, mama. McKellar, aliyezaliwa California mwaka 1975, aliigiza kama Winnie Cooper katika tamthilia ya televisheni The Wonder Years kuanzia 1988 hadi 1993. Baadaye aliingia chuo kikuu cha UCLA, akahitimu shahada ya hesabu mwaka 1998. Akiwa bado mwanafunzi alishiriki kuthibitisha nadharia kuhusu usumaku, ambayo sasa ina jina lake pamoja na ya wenzake wawili, Chayes na Winn. Tangu 2007 anaandika vitabu vya hesabu, hasa kwa wasichana.

Shule haikuachwa kwa hisani ya mtayarishaji. Siku za masomo, sheria za California humruhusu mtoto wa miaka 9 hadi 15 kukaa kazini saa 9, bila kuhesabu muda wa chakula: 5 za kazi, 3 za masomo na 1 ya kupumzika. Mwalimu huwapo palepale.

Kuhusu fedha, tangu 2000 mapato ni mali ya mtoto mwenyewe. Asilimia 15 ya malipo, kabla ya makato yoyote, huingia akaunti maalumu isiyoguswa hadi atimize miaka 18. Chanzo ni Jackie Coogan, nyota mtoto aliyekuta mama yake na baba wa kambo wametumia karibu mapato yake yote. Kwa binti yako, saa za kazi, masomo na akaunti ziandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini.