Usitume hela ya nyavu Kilombero wakati mto umefurika

Mkuu, usitume hiyo hela. Umeandika kwamba dalali wa Ifakara anataka umtangulizie milioni mbili za nyavu mwezi huu wa Machi kwa kuwa "mto umejaa, samaki wamejaa", halafu unauliza leseni, usafiri na bei ya Dar. Leseni iache kwanza. Maneno hayohayo niliambiwa na mimi, na hela yangu mpaka leo haijarudi.

Mto Kilombero ukijaa, samaki wanatawanyika. Maji ya mito ya Mnyera, Ruhudji na Mpanga yakishuka na masika, bonde zima linakuwa ziwa. Kambale wanaingia kwenye majani yaliyozama kutaga, perege nao wanasambaa hukohuko. Nilienda kuona nyavu zangu zikipandishwa: magugu matupu. Perege jike mmoja tuliyemtoa alitema vitoto vyake mle mtumbwini. Hao ndio samaki wa miezi ya mbele, tunawavua Machi!

Wavuvi siwalaumu. Kalenda ya maji wanaijua kuliko mtu yeyote, na wakati wa mafuriko wanakula kwa mkopo. Ukiwapelekea hela watapokea, wana watoto. Aliyeniumiza ni dalali, kwa sababu alijua samaki hakuna, na alijua wavuvi wale walishakopa unga na nyavu kwa tajiri mwingine, wamlipe kwa samaki, akanyamaza. Maji yalipopungua na kambi zikaanza kubanika, matenga yote yakaenda kwa tajiri yule, hata ya samaki waliovuliwa kwa nyavu zangu. Nikimpigia dalali, simu haipatikani. Mnaotaka kucheka chekeni, ila mkiwa bado mna hela zenu mfukoni.

Subiri maji yashuke. Kuanzia Juni kwenda mbele mto unarudi kwenye mkondo wake, samaki wanabanana mtoni na kwenye mabwawa yanayokauka, kambi zinajaa watu na chanja za kubanikia samaki zinafuka moshi. Nenda mwenyewe, lala kambini, nunua samaki unaowaona kwa macho, lipa wakishapimwa. Kabla ya kumkopesha mvuvi hata kamba, muulize anadaiwa na nani. Atakwambia, kule si siri. Na huyo dalali akikutajia timba, zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki, kwa kuwa ni rahisi, kataa. Ni marufuku, na zikikamatwa zinachomwa moto.