Barua kwa mwanangu: hiyo ada ya chama

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma. Unauliza kama kuna haja ya kujiunga na hicho chama cha watafiti wa uzee huko Marekani, American Aging Association, ama hela ya ada ununulie koti la baridi. Koti nunua, hilo halina mjadala. Hayo mengine mimi mzee wa Voi nitayajulia wapi, ila ngoja nikukumbushe ya fuko.

Hii stori unaijua nusu. Wale wageni walikuja kabla sijamuoa mamako, wanatafuta fuko wasio na manyoya, na wa kuwaonyesha mashimo nilikuwa mimi. Asubuhi mapema ukiona udongo unarushwa juu kama kavolkano kadogo, hapo ndo penyewe. Unafungua shimo, unatulia, hata kukohoa hakuna, maana fuko akihisi upepo atakuja kuziba, akifika tu unashusha jembe nyuma yake umkatie njia ya kurudi halafu unamtoa kwa mkono. Wao kila wakipiga wamechelewa. Mimi sikosi! Babu yako aliwachukia hao wanyama kwa sababu ya viazi vyake vitamu, sasa mwanawe analipwa kuwashika, nyumbani ikawa kicheko.

Siku ya mwisho wakapiga picha. Baadaye wakaituma kwa posta, na mimi nimebaki kiganja na mpini wa jembe, basi. Kiganja nakijua, kina lile kovu la panga. Mamako anasema nisahau, miaka yote hiyo. Sisahau. Aliyeshika jembe aandikwe, nimewaambia hivyo tangu mko praimari.

Na wewe mwenyewe ndo uliniambia fuko hao wanapita miaka 30, wakati panya wa nyumbani akifika mitatu ni kikongwe. Ukaniambia pia habari za Denham Harman, yule mwanasayansi wa Marekani, kwamba 1956 alisema mwili unazeeshwa na chembe zinazotokana na oksijeni, wengi wakampuuza, halafu 1970 akawa kati ya walioanzisha hicho hicho chama unachoniulizia. Kisha 2006 watafiti wakawapima fuko, wakakuta uharibifu wa aina hiyo umewajaa na bado wanadunda tu. Fuko ambao ukoo wao umetoka huku kwetu Kenya! Nilicheka peke yangu kwenye matatu mpaka watu wakanigeukia.

Sasa chama ambacho muasisi wake anabishiwa na fuko, si ndo pazuri pa kukaa? Ama wanataka ada tu. Kulipa ada nako siyo kuandikwa, kuna watu hapa wamelipia ushirika maisha yao yote na hawajawahi kunyoosha mkono kikaoni. Lakini tena ukiwa nje ya chama huo mkono utamnyooshea nani? Mimi sikwambii lipa wala usilipe, wewe ni mtu mzima, ingawa unajua ninachofikiria. Aliyeshika jembe aandikwe. Ukienda mkutano wao usikae nyuma, na wakitaja fuko waulize waliwashika wapi na nani aliwashika.

Mamako anauliza, hiyo ada ni ya kila mwaka ama ni mara moja, na wanafunzi hawapunguziwi? Ulizia hilo kwanza.

Babako