Foxnet haikuwa na mnara: ilivyowafikia watazamaji wa miji midogo Marekani

Mkuu, umeuliza kwa nini rekodi za zamani za Marekani zina nembo ya Foxnet lakini huoni popote mnara wala masafa yake. Havikuwepo. Foxnet ilikuwa chaneli ya mtandao wa televisheni wa Fox kwa ajili ya miji isiyokuwa na kituo cha Fox. Ilirushwa kwa setilaiti kuanzia Juni 1991, ikapokelewa na makampuni ya kebo, nayo ndiyo yaliyoiingiza majumbani. Mwenye antena ya paani hakuambulia kitu.

Shida ilikuwa uhaba wa vituo. Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, wanaigawa Marekani katika masoko ya televisheni 210, na yale ya mkiani, mfano Glendive kule Montana, yana vituo vichache mno. Fox ilipoanza 1986 ikakuta mitandao ya zamani ya NBC, CBS na ABC imeshavishika. Kampuni ya kebo iliweza kuvuta kituo cha Fox cha mji wa mbali, ila kwa kulipa ada ya hakimiliki. Halafu tangu Januari 1990 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliirudisha kanuni inayokiruhusu kituo cha mjini, kikiwa na haki ya peke yake ya kipindi fulani, kudai kipindi hicho kizimwe kwenye chaneli iliyovutwa. Fundi wa kebo alibaki kukata na kurudisha chaneli hiyo kutwa nzima.

Kwenye mitambo ya kebo ya analojia njia ilikuwa fupi: dishi la C-band (masafa ya setilaiti), risiva, modyuleta inayoiweka picha na sauti kwenye chaneli yake, kisha kombaina inayochanganya chaneli zote kwenye waya mmoja. Penye kusumbua ni modyuleta. Kila chaneli ina upana wa MHz 6, na sauti ya chaneli ya chini iko MHz 1.5 tu kutoka kwenye picha ya chaneli inayofuata. Kwa hiyo sauti inashushwa kama dB 15 (desibeli, kipimo cha nguvu ya mawimbi) chini ya picha. Ikiachwa juu, chaneli ya jirani inapata michirizi inayocheza kila mtu anapoongea, na watu wanalaumu dishi bure. Dishi lina lawama yake halisi mwezi wa tatu na wa kumi, jua linapopita nyuma ya setilaiti: picha inajaa chengachenga kwa dakika chache, siku kadhaa mfululizo, kisha inatulia yenyewe. Usiguse kitu.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kujaza saa. Wiki ina saa 168. Fox, hata ilipofikisha usiku saba, ilitoa saa 15 tu za jioni, ukiacha vipindi vya watoto na michezo. Kituo cha kawaida kinajaza pengo kwa habari za mjini na vipindi kinavyonunua. Foxnet haikuwa na mji, basi ikajaza kwa vipindi vya marudio na matangazo marefu ya kuuza bidhaa. Kwangu mimi huo ndio udhaifu wake mkubwa: mtu alipata Fox bila kupata kituo.

The WB, mtandao mwingine wa televisheni, waliliona hilo. Septemba 1998 walianzisha huduma ya masoko ya kuanzia nafasi ya 100 kwenda chini, wakaweka kompyuta kwenye mitambo ya kebo yenyewe, ikichomeka jina la kituo na matangazo ya maduka ya pale juu ya ratiba moja ya kitaifa. Mpango huo ukawa CW Plus, huduma ya mtandao wa The CW, mwaka 2006 na umedumu.

Foxnet ilifungwa Septemba mwaka huohuo. Televisheni ya dijitali iliiondolea kazi, maana masafa ya MHz 6 yanabeba Mbps 19.39 (megabiti kwa sekunde), na chaneli moja ya HD, yaani ya picha kali, inakula kumi na kitu. Kinachobaki kinatosha mtandao wa pili, hivyo kituo cha NBC kinaweza kuiweka Fox kwenye .2, yaani chaneli ndogo ya pili ya kituo hichohicho, bila kujenga mnara mwingine. Ila sheria inailazimisha kampuni ya kebo kubeba chaneli kuu peke yake, hiyo ya .2 ni ya mapatano. Kama una ndugu kwenye mji mdogo kule na Fox imepotea kwenye kebo, mwambie achomeke antena, afanye skani upya, kisha apitie .2 na .3 za kila kituo kabla hajaongeza kifurushi.